Mtungi Ndani ya Friji la Mama Elinami

Baridi ya mlangoni si baridi ya mtungini.

Shangazi yenu kaisema leo asubuhi nanyi mkacheka, mkidhani anazungumzia soda. Haikuwa soda. Methali hii bado changa, na nyumba ilikozaliwa ipo hadi leo, pale Mombo karibu na reli. Basi kaeni, nayo ilianza kama nitakavyowaambia.

Ndeshukurwa alikuwa Mchaga wa Marangu. Aliteremka kutoka mlimani na mumewe aliyepata kazi ya reli, akakizoea kila kitu cha Mombo isipokuwa joto. Mtoto wao Elinami, mwalimu, alimpenda binti wa hukohuko Marangu aitwaye Mkunde. Baba yake Mkunde alikuwa marehemu, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la babu yake, Mzee Mtui, ambaye watu wote walimwita Meku, kama Wachaga wanavyowaita wazee wao. Meku hakuwa mtu wa maneno mengi. Alituma ujumbe mfupi: kabla ya mengine yote, atakuja Mombo kunywa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, iliyopikwa na mama wa kijana kwa mikono yake, nyumbani kwake. Ya kununua asiione.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Mtungi ukichacha, mama anapewa nafasi ya kurudia. Ukichacha wa pili, anarudia tena. Ukichacha wa tatu, basi, wanasema nyumba yenyewe imemkataa binti, na mambo yanaishia hapo. Elinami aliposikia hivyo alikosa hata hamu ya kula.

Ndeshukurwa hakuhofu. Mbege aliijua tangu utoto: ndizi mbivu zinachemshwa hadi ziwe nyekundu, zinapoa, zinafunikwa mtungini siku kadhaa zijichemkie zenyewe bila moto, kisha zinachujwa na kutiwa uji wa kimea cha ulezi. Alichosahau ni kwamba kule Marangu nusu ya kazi inafanywa na baridi ya mlima. Mtungi wa kwanza aliuweka jikoni, na Mombo ikafanya ilivyozoea. Siku ya kufunua, harufu ilimfanya ageuze uso. Ilikuwa siki tupu.

Meku akaambiwa asubiri. Mama Elinami akamwita Shekilindi, fundi wa mafriji, Msambaa mcheshi ambaye hakuweza kupita kwa Mchaga bila kumtania.

"Shikamoo, mama. Nasikia mlima umewakimbia."

"Marahaba. Mlima haukimbii, sisi ndio tulioukimbia. Nataka friji langu liwe Marangu. Lisigandishe, lisiache joto. Baridi ya asubuhi ya kwetu, basi."

Shekilindi akatoa rafu zote. Akafunga kidude cha kuzima na kuwasha umeme, chenye waya mrefu unaoonja joto kwa ncha yake. Baridi ikitosha, friji linazima, na joto likipanda, linawaka. Ncha ile akaiacha ikining'inia ndani. Mtungi wa udongo, wa marehemu mama mkwe wa Ndeshukurwa, ukaingia mzimamzima, na mlango ukafungwa.

Kutwa mara tatu Ndeshukurwa alifungua mlango na kuingiza mkono. Baridi nzuri ikampiga kiganjani, ile ya kufuata maji mtoni akiwa msichana. Alifurahi hadi akaimba. Mtungi wenyewe hakuugusa. Kwao mtungi uliofunikwa haushikwi mpaka siku yake, na akiushika mwanamume ndiyo balaa kabisa. Kwa hiyo alipapasa hewa, akaridhika, akafunga.

Siku ya kufunua, mbege ilikuwa imechacha.

Safari hii alilia. Alilia kweli, amekaa sakafuni mbele ya friji. Meku akaambiwa tena. Jibu lake lilikuwa neno moja: "Jumamosi." Maana yake ni Jumamosi ya wiki iliyofuata, na mtungi wa tatu.

Akapika upya, akaurudisha mtungi frijini kwa kukosa pengine pa kuuweka, akaufunika. Siku ya pili hofu ilimzidi, akamwita Shekilindi aje kung'oa kidude chake.

"Kimenidanganya," alimwambia. "Kila nikifungua ni baridi, na pombe inaoza. Kitoe, nitapoza kwa vitambaa vya maji kama bibi zetu."

Shekilindi akaingiza mkono. Ni kweli, kulikuwa na baridi. Akainama autafute waya, na mtungi ukamzuia. Bila kufikiri, akaukumbatia ausogeze.

"We Shekilindi!" Ndeshukurwa alipiga kelele. "Umeushika! Umeniua!"

Fundi hakuuachia. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, mtungi huu una homa."

"Homa gani? Utoe mkono!"

"Njoo ushike mwenyewe."

"Haushikwi!"

"Mimi nimeshaushika, na kama ni balaa limeshaingia. Shika, mama."

Ndeshukurwa aliweka kiganja kwenye tumbo la mtungi. Ulikuwa na joto kama kiwele cha ng'ombe anayekamuliwa. Aliutoa mkono, akaurudisha, hakuamini. Juu hewa ya Marangu, chini tumbo la Mombo.

"Sasa sikiliza," Shekilindi alisema, wala hakutania. "Kosa ni langu. Pombe ikijichemkia inazaa moto wake yenyewe. Mimi nikaiacha ncha ya waya hewani. Hewa ikipoa tu, friji linajiona limemaliza kazi, linalala. Mtungi bado unaungua. Ukifungua unakutana na hewa, unashukuru, unafunga."

"Kwa hiyo nilikuwa napokewa mlangoni tu."

"Ndivyo. Baridi ya mlangoni si baridi ya mtungini."

Wakaibana ncha ya waya kwenye tumbo la mtungi, wakaifunika kwa kipande cha godoro isionje hewa tena, wakafunga kwa kitambaa. Friji likawaka, na safari hii likakaa limewaka muda mrefu. Kuanzia hapo Ndeshukurwa hakupapasa hewa. Kila asubuhi alisema "Unisamehe, mama mkwe," akaushika mtungi. Siku ya tatu ulikuwa umepoa.

Jumamosi Meku alifika na wazee wawili. Aliitikia salamu kwa kichwa, akaketi. Ndeshukurwa akachota, akaonja yeye kwanza kama ilivyo desturi, moyo ukatulia: mbege ilikuwa mbege. Akampa mzee kata. Meku akanywa kidogo. Akaacha kunywa. Akatazama ukuta, uso mkavu kama jiwe. Elinami alimtazama mama yake, na mama akaondoka kwenda jikoni.

Shekilindi alikuwa jikoni, naye amealikwa.

"Amekataa," Ndeshukurwa alimwambia.

"Amesema?"

"Hajasema. Uso wake umeuona? Baridi tupu."

"Na mtungi ulikuwaje, mama, siku zile hewa ilipokuwa baridi?"

Ndeshukurwa akamtazama. Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akarudi sebuleni. Akapiga magoti mbele ya mzee, karibu kabisa, jambo ambalo asingethubutu wiki moja nyuma.

"Meku, kama nimekosea niambie."

Mzee alipogeuka, macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Hujakosea, mwanangu. Tangu nimzike bibi yake Mkunde, sijanywa mbege ya namna hii. Nilikuwa naogopa kufungua mdomo, nisije nikalia mbele ya vijana." Akanyoosha kata. "Niongeze. Na mtoto ni wenu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Shangazi yenu leo alikuwa anamzungumzia jirani yule mnayemkwepa kwa sababu haitikii vizuri salamu. Mmemfikia hadi wapi, ninyi? Baridi ya mlangoni si baridi ya mtungini.