Bilauri Iliyofunikwa

Najua hamtaniamini. Nani mwenye akili zake ataamini kwamba baiskeli ilisaga juisi? Wewe hapo uliyesoma mpaka miwani ikakuota usoni, anza kabisa kutikisa kichwa, tumalizane mapema. Mimi shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, haijulikani nani alianza. Lakini hadithi hii hakuna mwalimu atakayewasimulia. Asiyeamini aondoke sasa, mlango haukufungwa. Hakuna? Haya, sogeeni.

Hapo zamani, katika mji mdogo wa Kwamgogo, jua lilikuwa kali mpaka kuku wakawa wanatembea kwa kufuata kivuli cha watu. Ukisimama, kuku anasimama. Ukigeuka, kuku anageuka.

Mjini humo palikuwa na baraza moja. Msiniambie kila nyumba ina baraza, najua. Lakini baraza ya Bi Mishi ilitazama stendi ya mabasi, kivuli chake hakikuhama tangu asubuhi hadi jioni, na upepo wote ulioshuka mlimani ulipita hapo kwanza kabla ya kwenda kwa watu wengine. Mumewe, Mzee Jumbe, aliuza sharubati pale miaka arobaini. Alipofariki, Bi Mishi akaifunga baraza kwa mnyororo, akatoa sharti lake.

"Kila mwaka, Ijumaa ya mwisho kabla ya mvua, baada ya sala, anayetaka baraza aje aniandalie kinywaji. Matunda yamenywe mbele yangu, yasagwe mbele yangu, na kabla ya adhana ya alasiri kiwe mkononi mwangu. Nikimaliza nikaigeuza bilauri na kuifunika mezani, baraza ni ya aliyekitengeneza. Mtu mmoja, jina moja. Msiniletee habari za ushirika, nitapata ugomvi bila juisi."

Miaka kumi na moja watu walimenya, walisaga, walimimina. Miaka kumi na moja Bi Mishi alionja mara moja, akairudisha bilauri mezani ikiwa wima, akasema, "Asante mwanangu, nimeshiba." Watu wazima walilia.

Sasa mjini humo alikuwapo kijana mnoa visu, jina lake Mbelwa. Sitaki kumsifu sana, lakini ukweli lazima usemwe. Kisu kilichopita kwa Mbelwa kilikata nyanya kwa kuitazama tu. Miguu yake ilikuwa na misuli kama viazi vikuu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupanda baiskeli isiyokwenda popote: gurudumu la nyuma limeinuliwa kwa stendi, mkanda umefungwa kutoka gurudumu hadi jiwe la kunolea lililokaa mbele, juu ya ubao uliofungwa kwenye usukani. Yeye anakanyaga, jiwe linazunguka, kisu kinalia.

Na kisu kikilia, watu wanafukuza. Akisimama dukani, "Toa kelele zako." Akisimama hotelini, "Wateja wanakula, bwana." Kwa hiyo Mbelwa alinoa juani, miaka saba, shingo imeungua mpaka imekuwa na rangi yake peke yake. Kila jioni akipita mbele ya baraza ya Bi Mishi aliutazama ule mnyororo kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba yake aliyopoteza ufunguo wake. Alitaka kivuli. Basi.

Ijumaa ikafika. Mbelwa akaegesha baiskeli uani kwa Bi Mishi, awanolee visu washindani. Wa kwanza akaleta nanasi na tikiti. "Asante mwanangu, nimeshiba." Wa pili akaleta parachichi na maziwa. "Asante mwanangu, nimeshiba." Wa tatu akaleta ubuyu wenye rangi ya kutisha. Huyo hata asante hakupewa vizuri.

Akafuata Tunu. Tunu aliuza juisi kando ya ukuta wa choo cha stendi, hapo tu ndipo alipopata nafasi. Asubuhi anasaga, adhuhuri jua limeshaichachusha, jioni anamwaga. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne kujaribu, na alikuja na akili mpya. Akamenya maembe dodo, akakamua pasheni akachuja mbegu zote, akakwangua tangawizi, ndimu akaiweka pembeni.

"Ndimu mwisho," alimwambia Mbelwa. "Ukiisaga na ganda lake inaleta uchungu. Na maji sitii hata tone. Maji ni barafu."

"Barafu yenyewe iko wapi, da Tunu?"

"Inakuja. Nimemtuma Mwanakombo tangu alfajiri."

Mwanakombo alikuwa dereva wa bodaboda, mwanamke pekee kijiweni kwao, na alikwenda kiwanda cha barafu kule Tanga. Tunu akatia matunda kwenye jagi la blenda, akabonyeza. Blenda ikanguruma mara moja tu, umeme ukakatika.

 Mshindani wa tikiti akacheka. "Pole, mama. Tuonane mwakani."

Tunu akakaa chini. Hakulia. Alishika jagi tu, kama mtu aliyeshika mtoto wa homa.

Mbelwa akatazama jagi. Akatazama baiskeli. Mwanafunzi wa chuo angeomba karatasi achore kwanza. Mbelwa alishika spana. Akamimina matunda kwenye beseni, akang'oa mota ya blenda, kwenye ekseli ya visu vya jagi akafunga kigurudumu cha cherehani alichokuwa nacho kwenye mfuko wa spana, akalikaza jagi juu ya ubao palipokaa jiwe, mkanda akaupinda kama mtu anayekamua shuka. Katika kulitoa jiwe, likamponyoka, likaanguka sakafuni, likapasuka vipande viwili. Jiwe la miaka saba. Akavisogeza kwa mguu, akapanda.

"Kaka Mbelwa, jiwe lako," Tunu alisema.

"Tia embe."

Wakati huohuo Mwanakombo akatokea langoni, kwa miguu, gunia kichwani, maji yakimchuruzika mgongoni. Pikipiki ilipata pancha mlimani. Angeisubiri, barafu ingekuwa chai. Akalifunga gunia lile la barafu na vumbi la mbao kwa kanga yake mwenyewe, akajitwika, akakimbia njia yote iliyobaki. Pikipiki ya tajiri wake akaiacha kwa muuza mkaa asiyemjua hata jina.

"Mikono siisikii," alisema. "Mtu anivunjie hii."

Wakavunja barafu. Mbelwa akakanyaga. Kifuniko cha jagi wakakiweka kando, maana barafu ilitiwa kwa vipande, na Mbelwa alilazimika kuinama akilishikilia lile jagi kwa mikono miwili lisiruke. Visu vikazunguka polepole, halafu upesi, halafu vikaanza kuimba. Watu wakasimama juu ya viti. Shati la Mbelwa ungelikamua ungejaza ndoo. Rangi ya embe ikapanda jagini, ikawa nzito, ikawa na povu, Tunu akakamulia ndimu. Wakamimina.

Muadhini alikuwa anakohoa kusafisha koo Bi Mishi alipopokea bilauri.

Akaonja.  Kila mtu alisubiri ile "asante mwanangu". Haikuja. Akanywa tena. Akafumba macho, akanywa mpaka barafu ikamgonga meno yake mawili yaliyobaki. Kisha, taratibu, akaigeuza bilauri, akaifunika mezani.

Vigelegele vilivyopigwa, basi lililokuwa linaondoka stendi likasimama, abiria wakashuka kuuliza nani anaoa.

"Haya," Bi Mishi alisema. "Jina moja."

Tunu akasema, "Shikamoo bibi. Mimi nimechagua embe, nimechuja pasheni, nimejua ndimu iingie lini. Miaka minne nimenyweshwa aibu hapa. Bila mimi ungekunywa nini? Baraza ni yangu."

Mwanakombo akasema, "Shikamoo bibi. Mimi nimebeba barafu kichwani. Tajiri wangu ameshanipigia simu, pikipiki ameninyang'anya, kazi sina. Bila mimi ungekunywa uji wa moto wa embe. Baraza ni yangu."

Mbelwa akasema, "Shikamoo bibi. Mimi nimesaga kwa miguu yangu, na jiwe langu ndilo lile limelala vipande viwili. Bila mimi ungetafuna embe, na kwa meno hayo, bibi, samahani, ungemaliza mwakani. Baraza ni yangu."

Watu wakacheka, hata Bi Mishi akacheka. Kisha akainua kidole.

"Marahaba, nyote. Sasa nisikilizeni. Embe nimekunywa miaka kumi na moja. Barafu nimekunywa. Juisi iliyosagwa laini nimekunywa. Hivyo vyote ni vizuri, wala sivyo vilivyofunika bilauri hii. Marehemu Jumbe alikuwa na siri moja katika sharubati yake. Alitia chembe ya chumvi. Kidogo, ulimi uisikie bila kuiona. Tangu afe sijaionja, mpaka leo. Nani kati yenu ametia chumvi? Baraza ni yake."

Tunu akamtazama Mwanakombo. Mwanakombo akamtazama Mbelwa. Mbelwa akatazama baiskeli.

"Mimi sikutia, bibi," Tunu alisema, sauti ikiwa chini. Angeweza kudanganya pale pale akachukua baraza. Hakudanganya.

"Labda ile barafu," Mwanakombo akajaribu.

"Barafu nimeilamba mwenyewe kabla hamjaisaga," Bi Mishi akasema. "Tamu kama maji ya mvua. Basi. Anayejua habari ya chumvi nampa mpaka Ijumaa ijayo, aje aseme mbele ya watu. Asipokuja mtu, mnyororo unabaki."

Hadithi imekwisha. Mmoja alijua matunda, mmoja alileta baridi, mmoja alizungusha visu, na kila mmoja alipoteza kitu. Je, nani alistahili? Wewe mwenye miwani, anza.

Au ngoja. Kabla hujafungua mdomo, kuna kipande nimekiruka.

Mbelwa ni mimi. Mlishajua? Mnajifanya tu. Baiskeli iko hapo nje, haina jiwe, kaikagueni. Na ile zamani niliyowaambia ni Ijumaa iliyopita.

Kipande chenyewe ni hiki. Jagi halikuwa na kifuniko, nimewaambia. Nilikuwa nimeinama juu yake, hilo pia nimewaambia. Nisichowaambia ni kwamba lilikaa sawasawa chini ya kidevu changu, saa tisa ya jua la Kwamgogo, nikikanyaga kama ninayekimbizwa na nyuki. Tone la kwanza la jasho nililiona likitua kwenye povu. La pili nikasema moyoni, nifute uso. Lakini mikono yote miwili ilikuwa kwenye jagi. Ningeachia mkono mmoja, mkanda ungetoka, adhana ingelia, na Tunu angerudi ukutani kwa choo. La tatu sikulihesabu tena. Nikakanyaga.

Miaka kumi na moja mafundi wote wa juisi wameshindwa, nikashinda mimi kwa kidevu. Nipigieni makofi kwanza, halafu mteme mate mkipenda.

Maana Ijumaa ni kesho. Tunu bado yuko kwenye jua, Mwanakombo anatembea kwa miguu, nami nina baiskeli isiyonoa chochote. Nikisema ukweli, baraza ni yangu kwa maneno ya Bi Mishi mwenyewe, ila sijui kama nitatoka mzima uani kwake. Nikinyamaza, mnyororo unabaki, na sote watatu tunaungua. Na nikimwambia Bi Mishi kwamba chumvi aliitia Tunu, atakayekaa kivulini ni yule pekee aliyekataa kusema uongo.

Jibuni sasa, na mkijibu punguzeni sauti, nyumba yake ni ile ya pili kutoka hapa. Je, nani alistahili?