Pai ya Kungu na Kisutu cha Bi Mwanatumu

Hapo zamani, zamani ya mama zetu na si ya mababu, palikuwa na mjane akiitwa Bi Mwanatumu. Alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ulikuwa ule wa kupungua. Leo umepungua mkono, kesho shavu, keshokutwa sauti. Akiletewa uji husema, uwekeni hapo. Akiletewa mchuzi wa kuku husema, uwekeni hapo. Uji ukapoa, mchuzi ukaganda, na yeye akawa anautazama ukuta.

Aliyekuwa akimuuguza ni mkwewe, jina lake Mize. Athumani, mtoto wa kiume wa Bi Mwanatumu, alikwenda bara kutafuta kazi, na huko akamuoa Mize bila mama yake kuulizwa. Akamleta nyumbani, akamwacha hapo, akarudi kazini. Miaka minne Mize alifagia, alichota maji, alipika, na mtoto wake wa kwanza akamzaa ndani ya nyumba ile ile. Na katika miaka minne hiyo Bi Mwanatumu hakumwita "mwanangu" hata mara moja. Hata jina lake hakulitaja. Alisema, mwambieni huyo wa jikoni alete maji. Hakumtukana, hakumpiga. Alikuwa hajampa radhi tu. Mize alilijua hilo, kwa sababu kila asubuhi alipotoa shikamoo, alirudishiwa marahaba ya kumrudishia mpita njia.

Alhamisi moja Bi Mwanatumu aligeuka kutoka ukutani, akasema anatamani pai ya kungu.

Pai hiyo haikuwa ya dukani. Chini ni ganda la unga uliokandwa kwa samli. Juu ya ganda ni viini vya kungu vilivyopondwa na sukari. Juu ya kungu ni matunda. Lozi zilikuwa za wenye nacho, lakini kungu huanguka bure chini ya mikungu, na ladha yake ni ndugu ya lozi. Zamani pai hiyo ilipikwa na wanawake wawili tu mtaani pale, Bi Mwanatumu na mke mwenziwe, Bi Kibibi. Mmoja alijua ganda, mwingine alijua tunda. Mume wao alikuwa akijisifu kwamba ana wake wawili lakini pai moja. Alipokufa, wajane wale wakakaa eda katika nyumba moja, na humo edani wakagombana juu ya nani aliyempa marehemu maji ya mwisho. Eda ilipokwisha, Bi Kibibi alihamia nyumba ya tatu kutoka hapo. Miaka kumi na tisa hawakupeana salamu. Na pai nayo ikafa, kwa sababu ganda lilibaki huku na tunda likabaki kule.

Basi siku ile Bi Mwanatumu akamwita ndugu yake, Mjomba Shee, akamwambia afungue sanduku atoe kisutu chake, kanga yake ya harusi. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Cha pili kilichakaa kwa kubebea watoto.

"Shee, kishike hiki," alisema. "Atakayenionjesha pai ile kabla sijafumba macho, mpe yeye. Radhi yangu nimeiweka humu."

Mjomba Shee akauliza, je, wakiwa wawili?

"Mmoja. Nguo ikikatwa haimfuniki mtu."

Mize alikuwa mlangoni ameshika bakuli la uji. Alisikia, akarudi jikoni, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi.

Kesho yake akafika Somoe, binti wa Bi Mwanatumu aliyeolewa mbali. Mama yake alikuwa amemtumia salamu tatu katika miaka mitatu kwamba aje waonane. Salamu ya kwanza akasema, wacha tuvune. Ya pili akasema, wacha mtoto aache ziwa. Ya tatu hakusema kitu. Sasa alimkuta mama mwembamba kama ufito, akalia mpaka majirani wakaja kumshika. Aliposikia habari ya pai, hata buibui hakuvua. Alitoka akaokota kungu kavu chini ya mikungu yote ya mtaa, akakaa uani na mawe mawili.

Kungu ni kaidi. Ukiipiga kidogo haipasuki, ukiipiga sana kiini kinakuwa unga uliochanganyika na mchanga. Somoe alipiga siku mbili. Kidole gumba kikapondeka, ukucha ukageuka mweusi, akakifunga kitambaa akaendelea. Siku mbili, akapata bakuli moja.

Siku ile ile ya kwanza, kabla jua halijatua, alikwenda kwa Bi Kibibi kumwomba awapikie tunda. Bi Kibibi alikuwa kibarazani anapepeta mchele, na ungo wake haukusimama.

"Miaka kumi na tisa hapokei salamu zangu," alisema. "Leo atapokea mapera yangu?"

Somoe akabembeleza. Bi Kibibi akasema kwamba yeye si mpishi wa watu. Jumamosi mlango wake ulishinda umefungwa. Jumapili asubuhi alikuja mwenyewe na kikapu cha mapera na maembe, macho yamemvimba. Hakwenda jikoni kwanza. Alisimama kwenye mlango wa mgonjwa akapiga hodi.

Bi Mwanatumu aligeuka kutoka ukutani. Halafu akasema, "Mapera gani umeleta?"

"Ya ndani nyekundu."

"Basi kapike, mwenzangu. Umechelewa."

Wakaingia kazini. Mgonjwa, kwa sauti ya uzi, alimwelekeza Mize namna ya kukanda ganda: samli iwe baridi, maji yawe ya matone, mikono isichezee unga kama mtoto na udongo. Somoe akaponda kungu na sukari mpaka mafuta yakatoka. Bi Kibibi akachemsha matunda taratibu mpaka maji yakakauka, maana tunda bichi hulowesha ganda likawa uji. Ganda likatandazwa kwenye sufuria pana, kungu zikafuata, matunda yakapangwa juu. Ikabaki kuoka.

Sasa kuoka kwa mkaa si kazi ya kuachia. Mkaa kidogo chini, mkaa mwingi juu ya kifuniko, na mtu akae hapo auzungushe, aupunguze, aurudishe. Ukiondoka, juu kunaungua na chini ni kubichi. Ukifunua mapema, jivu linaingia ndani. Macho ya Bi Kibibi hayakuweza moshi tena, na kidole cha Somoe kilikuwa hakishiki koleo. Akakaa Mize.

Moto ulikuwa ndiyo kwanza unashika, Somoe akaja. "Wifi, mama anakuita. Amesema, niitieni Mize."

Mize alisikia jina lake, na moyo wake ukaruka. Akautazama mkaa. "Naja, wifi. Moto wa juu haujashika."

Baada ya kitambo Somoe akarudi. Mama anamuulizia tena.

"Naja, wifi. Ganda bado linaiva. Nikiliacha sasa litaungua."

Mara ya tatu alitumwa Bi Kibibi mwenyewe. Alisimama, akaona mkaa, akaona Mize anavyotokwa jasho na machozi pamoja. Alijua moto unataka nini, na alijua mgonjwa anataka nini. Hakusema njoo, wala hakusema kaa. Akarudi ndani.

Kisha harufu ikatoka. Mize alifunua, pai imekuwa ya rangi ya dhahabu, haina doa la jivu. Bi Kibibi akakata kipande akakipuliza, Somoe akakichukua kwenye kisahani, wakakimbilia chumbani. Mize akanyanyuka awafuate. Akaiona mikono yake. Masizi mpaka viwiko, kanga imetoboka kwa cheche. Akaona haya kuingia hivyo, yeye aliyeitwa kwa jina lake leo. Akasema moyoni, ninawe kwanza. Akanawa, akabadili kanga, akajifunika vizuri kichwani. Alipofika mlangoni alimsikia Somoe akimsomea mama yake shahada.

Bi Mwanatumu alikuwa ametafuna, amemeza, amesema, "Ndiyo yenyewe." Halafu aligeuza macho kuutazama mlango, na yakabaki huko.

Wakamzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri, Athumani akiwa bado bara. Pai ikafunikwa kwa kawa, imepungua kipande kimoja, na hakuna aliyeigusa.

Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, Mjomba Shee akakaa na kisutu magotini, akawaambia wanawake wale watatu kila mmoja aseme.

Somoe akaonyesha kidole chake. Alisema pai ya kungu bila kungu ni jina tu, na kila kungu ilipita katika mkono huu. Alisema yeye ndiye aliyetoka tumboni mwa mama, na yeye ndiye aliyemtia tonge lile kinywani. "Mjomba, mimi nilimkosea mama miaka mitatu," alisema. "Nikikosa na kisutu, nitamwombea msamaha kwa kitu gani?"

Bi Kibibi akasema kungu zimejaa barabarani, hata kunguru anazijua. Bila yeye wangemlisha marehemu chapati iliyolowa mapera. Tena aliyevunja miaka kumi na tisa ni yeye, kwa miguu yake, akapiga hodi mlangoni ambapo angeweza kufukuzwa. Akasema yeye si mtoto, hajaja kutaka urithi. Anataka mtu aone kwamba walipatana.

"Mama mdogo, ulikaa nyumba ya tatu," Somoe alimwambia. "Jumamosi nzima ulifunga mlango. Siku hiyo alikuwa bado anaweza kukaa kitako."

"Na wewe uliitwa miaka mitatu, mwanangu. Uliokuwa ukiuvuna ulikuwa mpunga au dunia nzima?"

Mjomba Shee akawanyamazisha, akamgeukia Mize. Mize alikuwa amekaa karibu na kizingiti, mtoto amemlalia mapajani. Alisema kwamba yeye alioka tu.

Bi Kibibi ndiye aliyedakia. Alisema unga, kungu na matunda si pai mpaka moto useme, na katika nyumba ile hakuna mwingine ambaye angeuweza moto ule siku ile. Alisema hayo na bado akawa anakitaka kisutu, kwa sababu haki ni haki na haja ni haja.

Lakini Somoe akasema, "Aliitwa mara tatu, hakwenda. Mzazi akikuita, hata swala ya sunna unaikata ukamwitikia. Sembuse sufuria?"

Hapo Mize akainua uso.

"Ni kweli, wifi. Niliitwa, sikwenda," alisema. "Ningekwenda, pai ingeungua, na mama angeondoka na hamu yake. Na ilipoiva ningeweza kuwahi, nikasimama kunawa mikono. Hilo nalo ni kweli."

Mjomba Shee akamuuliza kama anakitaka kisutu.

"Nakitaka, Mjomba. Miaka minne naitaka radhi iliyomo humo. Ila zaidi ya kisutu nataka kujua alikuwa akiniitia nini. Pengine alitaka kunipa radhi kwa mdomo wake. Pengine alitaka maji tu."

Mjomba Shee alikikunja kisutu mara nne, akakikunjua, akakikunja tena. Alisema dada yake amemtwisha mzigo ambao hata dada mwenyewe angeshindwa kuutua.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mzee wa watu bado amekaa na nguo magotini, na wanawake watatu wanaitazama mikono yake. Mmoja alivunja kungu mpaka kidole kikapondeka. Mmoja alivunja ugomvi wa miaka kumi na tisa. Mmoja alikaa motoni akaitwa kwa jina alilolingoja miaka minne, asiende. Nguo ni moja, na mwenyewe amesema isikatwe. Je, kisutu cha Bi Mwanatumu ajifunike nani?