Kufuli Chini ya Pikapu

Mtu mmoja, ndugu zangu, alikuwa na pikapu ya kubebea chumvi. Jina lake silitaji. Nikilitaja mtageuka kumtazama fulani, na mimi leo sitaki mtu atazame pembeni.

Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa jembe lake. Ilimlisha yeye, ikamlisha na mume wa dada yake, maana huyo shemeji ndiye aliyekuwa dereva. Asubuhi anakwenda kwenye mashamba ya chumvi, anapakia magunia yakiwa bado yanachuruzika maji, anayafikisha sokoni. Jioni, kabla hajaoga mwenyewe, analipeleka gari kisimani, analala chali mchangani, analiosha tumbo kwa maji baridi.

Mwenye gari alikuwa akimtazama kutoka barazani. Wewe ungesema, alhamdulillahi, nimepata shemeji. Yeye alisema moyoni: huyu kila siku anatafuta nini chini ya gari langu?

Mnaona dhana inavyoingia? Haipigi hodi.

Alikuwa amesikia habari za gereji, unapeleka gari zima, unarudishiwa lenye starta ya mtu mwingine. Basi akachukua rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu ya kung'aa, akaingia uvunguni mwa gari, akatia alama kila spea na kila kipande cha chuma. Mke alipouliza rangi yake iko wapi, naye akatiliwa shaka kwa kuuliza. Na hilo halikumtosha. Akamwita fundi wa kuchomelea, akamwambia alifunike tumbo lote la gari kwa bati nene, aache kitundu cha kumwagia oili na kijimlango chenye kufuli. Ufunguo akautia uzi, akauvaa shingoni.

Fundi alisita. "Bosi, hili ni gari la chumvi. Maji yatatokea wapi?"

"Wewe choma bati," akajibiwa. Tangu siku hiyo fundi naye akawa mtu wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni.

Hazikupita siku nyingi shemeji akaja mwenyewe. "Shemeji, naomba ufunguo nioshe huko chini. Chumvi haina urafiki na chuma."

"Mbona wewe tu ndiye unayeuona uchafu wa huko chini?"

Shemeji akaenda zake. Baadaye akaomba tena, na tena. Kila akiomba, mwenye gari aliushika ufunguo kifuani na kujiambia kwamba asiye na lake hawezi kung'ang'ania hivi. Kikulacho ki nguoni mwako! Aliipenda mno methali hiyo. Aliisema kwenye chai, akaisema kwenye futari, mpaka watoto wake wakawa wanaimalizia.

Misimu ikapita. Asubuhi moja akaona mchanga chini ya gari umelowa maji mekundu. Milango ikaanza kukataa kufunga. Kichwa cha gari na bodi vikapishana, kimoja kinatazama juu, kingine chini. Akaambiwa tatizo ni chasisi, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari zima, kwamba vimelegea. Vimelegea vipi, na gari alilinunua likiwa imara? Akakumbuka. Alipokwenda bara mazikoni, gari alimwachia nani? Shemeji. Na bati alichoma nani? Fundi. Basi ndiyo hivyo: wamelikata bati, wameiuza chasisi yake, wakaweka kuukuu, wakachomelea tena!

Niwaulize nyinyi. Chasisi nzima inang'olewaje kwenye gari, mtaa mzima usisikie nyundo? Lakini aliyekwisha kumpata mwizi wake moyoni haulizi maswali hayo.

Akampokonya shemeji usukani. Kisha akaenda kwa dada yake, tena mbele ya watoto, akamwambia, "Funga virago urudi nyumbani. Simwachii mwizi dada yangu." Dada akalia, akafunga. Na Ijumaa, watu wanatoka msikitini, mwenye gari akatangaza kwamba atasoma Halbadiri, kile kisomo cha kumwombea mwizi balaa. "Aliyelila gari langu," akasema, "naye aliwe, yeye na nyumba yake!" Kama kisomo hicho kinafaa au hakifai, hilo lina siku yake. Leo nina neno jingine.

Watu wakajaa uani kwake. Mwalimu kakaa mkekani, ubani unafuka. Dada kakaa juu ya begi lake, macho yamemvimba. Shemeji naye akaja, hakujificha.

"Someni," alisema, "mimi sikimbii. Ila fungua kwanza kufuli lako, shemeji, watu waone kilichoibiwa."

Mwenye gari alikuwa akilingoja hilo. Akauvua ufunguo shingoni, akajilaza chini. Ufunguo haukuzunguka. Kufuli lilikuwa limeshikana kwa kutu, ikabidi fundi aje na msumeno wa chuma. Bati lilipoachia, likashuka pamoja na tope la chumvi, jekundu, zito, la misimu yote ile.

Akaingia chini na tochi kutafuta alama zake. Aliomba asizione. Starta, alama ipo. Propela ya kuzungushia magurudumu, alama ipo. Akamulika chasisi, na ile rangi ya kucha ya mkewe ilikuwa palepale alipoipaka. Akabonyeza pembeni ya alama, na kidole kikatokea upande wa pili.

Alitoka amejaa kutu mpaka ndevuni, na aibu imemjaa kuliko kutu. Hakuna aliyecheka. Dada yake akainuka pale begini, akamwuliza kwa upole kabisa, "Kaka, mwalimu aanze kusoma?"

Dada hakungoja jibu. Alimpa mumewe begi, wakaenda zao. Ile pikapu ipo hadi leo pale uani, ina kila spea yake, na kuku wanatagia ndani.

Ndugu zangu, methali yake ilikuwa ya kweli. Kilichomla kilikuwa nguoni mwake, ila yeye akashughulika kupekua nguo za wenzake. Na sisi je? Hatuna mabati? Mke akiuliza, "Mbona siku hizi huongei na watoto?" tunasema katumwa na mama yake. Rafiki akisema, "Ndugu yangu, ulimi wako umekuwa mkali," tunasema ana kijicho. Mzee akitukumbusha sala, tunauliza ametoka wapi na anataka nini. Tunajifungia, tunautia ufunguo shingoni, na tunajisifu kwamba hatuibiwi! Ni kweli, hatuibiwi. Tunaoza na alama zetu.

Kuna mtu amewahi kukuomba ufunguo, ukamfukuza. Mimi simjui, wewe unamjua, na umeshaliona jina lake hapo ulipokaa. Ukitoka hapa usiende kwako kwanza. Pitia kwake, ukauvue huo ufunguo, maana hujui kama kufuli lako bado linazunguka.