Mkate wa Kumimina wa Bi Raya

Bi Raya, mwenye nyumba na mdomo usiopoa, alimwita mpangaji wake Mwanakombo, aliyesifika kwa mkate wa kumimina.

"Nipe siri ya mkate wako, ama uhame!"

"Mchele, tui, sukari, hamira na iliki, bibi."

"Hayo hata paka wangu anayajua! Siri?"

"Ukishaumimina, usitamke neno mpaka kipande cha mwisho kiliwe. Ukisema tu, unageuka mchungu mdomoni mwa mlaji."

Bi Raya alipika, akawaalika wanawake wa mtaa mzima. Mkate ulikuwa mtamu ajabu.

"Kapika nani?" waliuliza wageni.

Bi Raya alitumbua macho, mashavu yamemvimba.

"Mimi," alijibu Mwanakombo.

"Na Bi Raya kafanya nini?"

"Muulizeni mwenyewe," alisema Mwanakombo, kipande cha mwisho kakishika mkononi.