Wimbo wa Kufunika Kikohozi

Hapo zamani, na wewe uliyeegemea mlango usiniulize mwaka gani, palikuwa na nchi ambayo serikali yake ilipenda karatasi kupita kiasi. Ukiajiri mtu, karatasi. Mtu akiugua, karatasi. Akipona, karatasi nyingine ya kusema kapona. Makarani waliandika mpaka vidole vikaota sugu, na kule makao makuu karatasi zilirundikwa mpaka darini. Aliyezisoma hakuwepo. Angeanzia wapi?

Katika nchi hiyo palikuwa na jineri, kiwanda cha kutenganisha pamba na mbegu zake. Pembeni mwa mashine kulikuwa na ukumbi ambamo wanawake walichagua pamba kwa mikono, dirisha dogo, vumbi tele. Vumbi la pamba mnalijua? Haliwashi, haliumi, linaingia kifuani na kukaa. Wanawake wale walikohoa. Lakini meneja alikuwa na desturi yake: anayekohoa anarudishwa nyumbani, na akirudishwa ndiyo basi tena.

Wakabuni ujanja. Mmoja akihisi kikohozi kinapanda, anamgusa jirani yake kwa kiwiko. Jirani anampa ishara Kwandu, mwanamke mwenye sauti kuliko wote. Kwandu anaanzisha wimbo, wote wanapokea kwa nguvu, na mwenzao anakohoa humohumo ndani ya wimbo mpaka anamaliza. Kiwiko, wimbo, kikohozi. Kiwiko, wimbo, kikohozi. Wapita njia walisema, jamani, kina mama wa jineri wana raha.

Karani wa jineri, Shigela, alijua. Kati ya karatasi zake moja iliuliza: wafanyakazi wana maradhi gani ya kifua? Meneja akamwambia, "Andika hakuna. Nani anasoma?"

Shigela akajibu, "Kama hakuna anayesoma, bosi, basi ukweli nao hautamkera mtu."

Akaandika: wanakohoa. Majina hakuyataja, asije akawafukuzisha. Mwezi uliofuata akaandika wanakohoa. Meneja akamnyima cheo, akampa karani mwingine aliyekuwa tayari kuandika hakuna, yeye akabaki na karatasi zake zilezile. Shigela akaandika wanakohoa. Mkaidi yule, nampenda mpaka leo.

Mwisho serikali yenyewe ikaelemewa. Ikasema karatasi za kazi zipunguzwe, ikamtuma Bi Mwanaidi apite jineri kwa jineri aamue ipi ibaki, ipi ifutwe. Mwanamke mchapakazi, hana maneno mengi, kalamu nyekundu haimtoki mkononi. Akafuta karatasi ya kusema mtu kapona. Akafuta ya kuhesabu viti. Makarani wakamwombea dua. Na kila jineri aliyopita aliifuta na ile ya kifua, maana kila alipofika alikuta wanawake wanaimba. Mnaona? Ujanja ule ulikuwa umeshaenea nchi nzima.

Akafika kwa Shigela. Meneja akampokea kwa chai, akamsimamisha kwenye mlango wa ukumbi. "Hii ya kifua inatupotezea muda tu, mama. Sikiliza mwenyewe."

Akasikiliza. Kwandu anaongoza, ukumbi unapokea. Bi Mwanaidi akatabasamu. "Wanaoimba hivi wana vifua vizima," akasema, akafungua kalamu.

"Mama," Shigela akasema, "kabla hujaifuta, soma niliyoyaandika."

"Yako wapi?"

"Yako kwenu. Nayatuma kila mwezi."

"Karani, kwetu kuna mlima wa karatasi. Hapa nina masikio yangu."

Karibu na mlango alikuwapo Minza, mjane, ambaye watoto wake walikula kwa jineri ile na si kwingine. Maneno yote aliyasikia. Wimbo ukaisha, na kifuani kikohozi kikaanza kumpanda. Kwandu akamwona, akavuta pumzi aanzishe mwingine. Minza akamshika mkono.

"Leo usiimbe, mwenzangu."

"Utafukuzwa."

"Najua. Usiimbe."

Ukumbi ukanyamaza. Minza akasogea mpaka mbele ya mgeni, akakohoa. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Na kwa kuwa hapakuwa na wimbo, wa pili naye akashindwa kujizuia, na wa tatu, mpaka ukumbi mzima. Bi Mwanaidi akaifunga kalamu yake, karatasi ile hakuifuta.

Jioni ile Minza alifukuzwa.

Bi Mwanaidi akarudi makao makuu. Huko walikuwa wanamsubiri kwa pongezi, na cheo kikubwa kilikuwa kimeshaandaliwa. Angenyamaza, nani angejua? Hakunyamaza. Kwanza alipanda darini, akapekua vumbini mpaka akazipata karatasi za Shigela. Wanakohoa. Wanakohoa. Wanakohoa. Akaziweka mbele ya wakubwa wake akasema, "Nimekosea. Karatasi hii nimeifuta katika kila jineri nyingine, kwa sababu niliimbiwa."

Wakakunja uso. "Tulikutuma upunguze, wewe unarudisha?"

"Punguzeni nyingine zote. Hii ibaki, na awepo mtu wa kuisoma."

Cheo kikaenda kwa mwingine. Lakini karatasi ikabaki, ikapata msomaji, na ikatoka amri: asifukuzwe mtu kwa kukohoa, na kuta za kumbi zitobolewe madirisha makubwa. Minza akaitwa arudi, akapewa kazi uwanjani kwenye mizani, penye hewa. Siku ya kwanza alisimama pale akalia, kisha akaanza kupima pamba.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapowataka. Msimu wa pamba pale hufunguliwa kwa king'ora. Anayepewa heshima huvuta kamba ya king'ora, kinalia, geti linafunguliwa. Siku zote alivuta meneja. Mwaka ule wanawake wakakataa kuingia. Wakasema avute aliyetuletea hewa.

Shigela akasema, "Bila mimi, kikohozi kile kingeitwa mafua ya siku moja. Niliandika pasipo msomaji, na cheo nikakikosa."

Bi Mwanaidi, aliyealikwa, akasema, "Maandishi yako yangeliwa na mchwa, karani. Mimi nilijishtaki mwenyewe nilipokuwa nasifiwa. Jaribu uone kama ni rahisi."

Minza akasema, "Mimi sikuandika wala sikusoma. Niliweka rehani ugali wa wanangu. Lakini mkinipa mimi, mtakuwa mmemsahau Kwandu, aliyetuimbia miaka yote tusifukuzwe."

Kwandu akatazama chini. "Wimbo wangu ndio uliomdanganya mgeni."

"Na ulipoambiwa unyamaze, ulinyamaza," Minza akamwambia.

Kamba ikabaki inaning'inia. Mizigo ya pamba imeziba barabara, geti limefungwa, watu wanangoja. Katika ule umati mtu mmoja akakohoa, akakohoa mpaka akamaliza, na hakuna aliyeanzisha wimbo.

Mimi wote wanne nimewapenda, ndiyo maana nimeshindwa. Haya, ninyi mnaopenda kuamua mambo ya watu: kamba ni moja, na unaotakiwa ni mkono mmoja. Je, nani alistahili kuivuta?