Mfugaji wa Bata na Hadubini

Ndugu zangu, shule mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mambo ya hadubini mnisamehe. Ni ile mashine ya kukuzia vitu, tone moja la maji linaonekana kama bwawa zima.

Kulikuwa na mfugaji mmoja wa bata. Asubuhi moja aliwakuta bata wake wanane wamekufa ukingoni mwa bwawa la kijiji, na maji yamegeuka kijani. Hakuuliza nini kimewaua. Aliuliza nani. Na jibu alikuwa nalo tayari: jirani yake, mjane aliyeloweka muhogo mchungu humo bwawani siku tatu tatu, akauanika, akautwanga, akalisha wanawe.

"Kwa nini anaufunika kwa gunia?" mfugaji alisema. "Kwa nini anaweka mawe juu? Anaficha nini?"

Ninyi mnaoloweka muhogo, niambieni: usipoweka mawe, si utaelea? Hata mama yake mfugaji aliweka mawe. Lakini moyo ukishashuku, jiwe nalo lina siri. Mjane akimsalimia, mfugaji anasema anamchungulia. Asipomsalimia, dhamiri inamsuta.

Akapeleka shauri kwa mwenyekiti wa kijiji. Ikapangwa kwamba Alhamisi mkutano uamue kama mjane azuiwe bwawani. Bila bwawa, yule mama hana unga wa kula wala wa kuuza. Jumatano mfugaji akajaza maji ya bwawa kwenye chupa, akaenda kwa mwalimu wa baiolojia pale sekondari kutafuta ushahidi, yaani mdudu aliyetiwa majini.

Mwalimu akadondosha tone kwenye kipande cha kioo, akatazama, akilinganisha na picha za kitabuni. "Huyu mwenye umbo la kandambili anakula taka tu. Huyu wa mviringo anayebingirika ndiye anayetia maji kijani. Huyu ana mkia. Wa kuua bata simwoni, mzee wangu."

"Mwalimu, unga wewe unanunua kwa nani?"

"Kwa yule mama."

"Nilijua. Hebu sogea, nitazame mwenyewe."

Akainama, akabandika jicho kwenye hadubini. Akasema, "Nimemwona. Mweusi, ana miguu mingi kama tandu. Mbona huyu hukumtaja?"

Mwalimu akanyoosha mkono polepole, akakichomoa kile kioo. "Na sasa, mzee?"

"Bado yupo. Anapigapiga miguu. Huyu ndiye aliyetumwa."

"Hebu pepesa jicho."

"Ameruka. Amejua namtazama."

Mwalimu akamwekea kioo kiganjani. "Maji ni haya hapa, mzee wangu. Hizo ni kope zako."

Alhamisi watu wakajaa. Mwenyekiti akauliza, "Mdudu ulimwona?"

Mfugaji alisimama, kofia mkononi. "Nilimwona," akasema. "Maji yakaondolewa, yeye akabaki. Nilikuwa nimekwenda naye."

Mjane akasema kutoka nyuma, "Basi kesho njoo unibebee mawe, uone ninachoficha." Watu wakacheka. Kesho yake akaenda, akabeba. Kilichoua bata wake hajakijua mpaka leo.

Ndugu zangu, na sisi kuna bata wetu wengi waliokufa tusijue kwa nini. Mtoto anaugua, uchumba unavunjika, ng'ombe anakauka maziwa. Kutojua kunauma, ndiyo maana tunatafuta mtu. Mimi mwenyewe nakiri mbele yenu: dada mmoja wa kwaya sikumsalimia miezi minne, kwa kuwa alicheka nilipokwama kusoma somo. Baadaye nikaambiwa alikuwa anamchekea mtoto aliyekuwa akimvua kiatu. Miezi minne nilimhukumu, na yeye hana habari. Yupo hapa. Tukitoka nitamfuata.

Na wewe je? Huyo unayemshuku, umewahi kuchomoa kioo? Mwondoe jirani yako chini ya jicho lako, yeye na gunia lake na mawe yake, kisha tazama tena. Kama yule mweusi mwenye miguu mingi bado yupo, basi tupige magoti, maana tumeingia naye humu ndani.