Diwani Senkondo Aliyeoa Msitu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa msitu.

— Msitu wa nani?

Aa, mmeniwahi! Hilo hilo ndilo walilogombania. Sogezeni vigoda, aliye karibu na moto asukume kuni, nami nianze.

Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu zetu hajaota ndevu, palikuwa na diwani katika baraza la mfalme wa Milimani. Jina lake Senkondo. Tajiri? Usiseme! Ng'ombe wake wakienda mtoni, wa mbele wameshakunywa na wa nyuma hawajatoka zizini. Na mwili nao ulikuwa wa kitajiri: akipanda mlima, pumzi hutangulia, yeye hufuata.

Juu ya makazi ya watu ulikuwapo msitu wa Mzimbwe. Humo yalitoka maji ya nchi nzima, na asali, na dawa za watoto. Senkondo angali kijana aliingia humo akapotea. Akaita, wapi! Akalia, wapi! Ndipo hondohondo, ndege yule mwenye mdomo kama mundu, akamwita kutoka juu:

"Hoo! Hoo! Mwana wa watu, fuata sauti!"

Akafuata. Akanywa kwenye kijito, akala matunda waliyomdondoshea mbega, akatokea kwao mzima.

"Ndege, nikupe nini?"

"Sitaki kitu. Mlango ulioukuta wazi, uuache wazi."

Senkondo akaapa. Kiapo hicho kilimla ujana, kikamla utu uzima, na ng'ombe pia kiliwala.

Sasa sikieni sheria za nchi ile. Ya kwanza: kisicho na mwenyewe ni cha mfalme. Ya pili: penye isale hapapitwi. Isale ni ule mmea wa majani marefu ambao wazee huupanda mpakani. Ukishashika mizizi, mtu baki haingizi hata kidole cha mguu. Ya tatu waliijua kina mama, na madiwani hawakuitaja barazani.

Basi mfalme alikuwa na rafiki yake, mpasua mbao, ambaye kila akiutazama Mzimbwe alimeza mate. Senkondo akaliona hilo. Akaenda barazani, akasema, "Mfalme wangu, msitu uwe wa watu wote." Mfalme akacheka. Akaenda tena, akasema, "Mfalme wangu, msitu uwe wa watu wote." Mfalme akapiga miayo. Akaenda mara ya tatu, akasema yale yale. Mfalme akakasirika.

"Senkondo! Cha wote hakina mwenyewe. Na kisicho na mwenyewe ni cha nani?"

"Ni chako, mfalme."

"Basi kaa chini."

Akakaa. Lakini moyo haukukaa. Koo tatu zilikuwa na haki katika msitu ule, kila ukoo na upande wake, ila hakuna uliokuwa umepanda isale. Senkondo akauendea ukoo wa kwanza, akawapa ng'ombe, wakampa upande wao. Akauendea wa pili, akawapa migomba yake ya bondeni, wakampa upande wao. Akauendea wa tatu, akawapa malisho aliyoachiwa na baba yake, wakampa upande wao, na nyuma yake wakashikana mbavu kwa kicheko.

Nyumbani mkewe, Nakijwa, alikuwa akimngoja na mikono kiunoni.

"Mume wangu, wenzio wakitajirika huoa mke wa pili. Wewe umeoa msitu!"

"Na mahari nimemaliza, mke wangu."

"Afadhali. Angalau huyu hatanigombeza jikoni."

Nakijwa alikuwa na ulimi, lakini alimpenda mume wake. Asubuhi alimfungia ndizi za kuchoma, naye Senkondo akatoka na jembe. Akapanda masale kuuzunguka Mzimbwe wote, mkono kwa mkono, miche yote kwa jasho lake, akikwaruzwa na miiba na kunyonywa na ruba, mdudu aliyemwogopa kuliko mfalme. Mvua ikanyesha, masale yakashika. Mpasua mbao akaja na misumeno yake, akayaona, akageuza njia.

Senkondo akafurahi. Maskini Senkondo! Alisahau kwamba isale halichagui mtu. Aliyekuja kukata mti, hapiti. Aliyekuja kuchota maji, hapiti. Aliyekuja kuchuma dawa, hapiti. Kina mama wakaanza kufuata maji bonde la pili. Warina asali wakatungua mizinga yao. Sokoni watu wakanong'onezana, "Kumbe diwani alikuwa anautaka mwenyewe! Kikulacho ki nguoni mwako."

Hondohondo akaja, akatua juu ya paa la nyumba yake.

"Hoo! Hoo! Senkondo! Mlango umeufunga, wenyewe wako nje!"

Senkondo akashika kichwa. Akiyang'oa masale, shoka linaingia. Akiyaacha, watu hawaingii. Na akifa je? Msitu utarithiwa na Mrutu, mwanawe wa pekee, na Mrutu alikuwa ameshaonekana akinywa pombe na mpasua mbao. Msimwonee Mrutu. Yule kijana alikua akiona ng'ombe wanatoka zizini, wasirudi. Nani kati yenu asingenuna?

Diwani akaacha kula. Hata ndizi za kuchoma akazikataa, na hapo Nakijwa akajua mambo yameharibika.

Siku moja mke wa Mrutu alikuwa amejifungua, na kitovu cha mtoto kikadondoka. Senkondo, amejikunyata barazani kwake, akamwona mkewe anachimba kishimo chini ya mgomba.

"Unazika nini?"

"Kitovu cha mjukuu wako. Tangu lini wanaume huuliza?"

"Na kwa nini hapo?"

"Ili pawe pake. Kilipozikwa kitovu hapauzwi, hapakatwi. Hata baba yake mzazi hawezi. Diwani mzima hujui?"

Senkondo akaruka, na sikuongopei, kile kitumbo kiliruka pamoja naye.

"Simama! Usizike! Nakijwa wangu, nenda ukaite kina mama wote wenye watoto wachanga. Anza na yule asiye hata na shamba la kulimia. Wa kwetu atakuwa wa mwisho!"

Kina mama wakaja, wakasimama mbele ya masale, hakuna aliyethubutu. Senkondo akakata jani la isale, akalifunga fundo, ishara ya amani, akampa wa kwanza.

"Pita, mwanangu. Chagua mti."

"Wewe hupiti, baba?"

"Nikipita mimi nitaonekana ndiye mwenyewe. Pita wewe."

Akapita wa kwanza, akazika. Akapita wa pili, akazika. Wakapita wote, na wa mwisho Nakijwa, na kitovu cha mjukuu. Tangu siku ile, kila mtoto aliyezaliwa Milimani alipata mti wake Mzimbwe. Na mama akishakuwa na mti ndani, nani atamkataza maji? Mizinga ikarudi juu ya miti, na njia zikafunguka upya.

Miaka ikapita. Senkondo akazeeka, miguu ikamgomea. Fimbo ya ukoo akamkabidhi Mrutu, maana ndiyo desturi. Na Mrutu hakungoja fimbo ipate joto la mkono. Akamleta mpasua mbao na misumeno. Mzee akaomba abebwe. Wakamkalisha kwenye kigoda nje ya masale.

Mrutu akauendea mti wa kwanza. Mama mmoja akaja mbio. "Kaka, hapo pana kitovu cha mwanangu." Akauacha.

Akauendea wa pili. Mpasua mbao akaweka msumeno wake. Mama mwingine akamshika mkono. "Shemeji, hapo pana kitovu cha mwanao. Mkeo alikuja hapa." Mpasua mbao akauondoa msumeno polepole, akaupapasa ule mti, akaondoka bila kuaga.

Mrutu akapandwa na hasira. Akanyakua shoka, akauendea wa tatu, mti mkubwa ulio juu ya chemchemi, akainua mikono.

Ndipo mzee akasema, na sauti ilikuwa ndogo.

"Huo ni wa mwanao, Mrutu."

Shoka likabaki juu. Kisha likashuka taratibu, likalala kwenye majani. Mrutu akatoka, akaketi miguuni pa baba yake, akalia kama mtoto.

"Baba, ng'ombe uliwatoa, mashamba uliyatoa. Sasa mimi nimerithi nini?"

"Umerithi kuingia humu bila kubisha hodi."

"Na wengine?"

"Na wengine vivyo hivyo. Sikupata kitu kikubwa zaidi cha kukuachia, mwanangu. Ningekipata ningekupa."

Juu ya mti ule mkubwa hondohondo akaita, "Hoo! Hoo! Senkondo! Mlango uko wazi!"

Alipokufa walitaka kumzika katikati ya Mzimbwe, kwa heshima. Nakijwa akakataa. "Alisema azikwe nje. Mkimtia ndani mtapafanya pake." Wakamzika nje ya masale, kando ya njia. Aendaye kuchota maji humwambia, "Shikamoo, diwani." Arudipo humnyunyizia kidogo kaburini. Na Nakijwa, mpaka naye alipolala ubavuni mwake, kila asubuhi alimpelekea ndizi moja ya kuchoma. Waliokuwa wakiila ni mbega, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia.

Fundisho lake ni hili: ukipenda kitu, kizungushie watu, usikizungushie ukuta. Ukuta hurithiwa na mmoja.

Na anayebisha aende mwenyewe akaone. Mimi nilikwenda, mbega wakanirushia kokwa hapa usoni, wakidhani nimekuja kuwanyang'anya ndizi. Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye kichwa ajitwishe.